Visu Viwili Kwenda Kolo

Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, mtu wa Nzuguni, hapa Dodoma, hana tena kisingizio cha kutokwenda Kolo. Ni kilomita kama 180 tu kutoka mjini. Huko ndiko iliko michoro ya mwambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mimi nilikuwa naisikia redioni kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine. Safari yangu ya kwanza kwenda huko tulipanga tulale kwenye hema na tupike wenyewe, gari likiwa ndiyo stoo yetu. Tulikuwa mimi, dada yangu, mumewe na watoto wao. Jiko nikakabidhiwa mimi.

Hema na magodoro tuliazima kwa majirani. Visu sikutaka kuazima. Mtu akikuazima kisu hukupa kile asichokitumia, na kisu butu ndicho kinachokata watu: unakikandamiza, kinateleza juu ya kitunguu, kinaishia kidoleni, na hospitali iko mbali.

Shangazi yangu ni mama lishe pale stendi kuu ya mabasi Nzuguni. Nilimfuata saa za mchana, wateja walipopungua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mnakwenda kulala porini."

Nikamweleza nataka visu vya safari. Hakutaja bei wala chapa. Aliniuliza mambo mawili: mtakula nini, na mtakula na nani?

La kwanza lilikuwa jepesi. Tungekula nyama ya mbuzi siku ya kwanza, halafu viazi, kachumbari, ugali na mlenda, na kuku tukimpata huko huko. Shangazi akaanza kupunguza. Mlenda uliokaushwa na kusagwa hauhitaji kisu. Mifupa ya mbuzi aikate muuza nyama kwa shoka lake, kwa hiyo jisu zito la kuvunjia mifupa libaki nyumbani. Kisu cha mkate chenye meno nacho kibaki, maana mkate wa dukani huja umeshakatwa. Tukabakiwa na viwili: kikubwa cha nyama, inchi sita au saba, na kidogo cha kumenya na kukatia mboga.

La pili ndilo lililonifanya nimheshimu zaidi. Shemeji yangu ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu. Kwetu ni Wakristo, na Dodoma kitimoto haili­wi kwa kificho. Kisu chetu cha nyumbani kimeshaikata mara nyingi. "Usimbebee kile," shangazi alisema. "Hata ukikisugua namna gani, moyo wake hautatulia. Na yeye ni mkwe, hatasema. Atakula ugali na mlenda, aseme ameshiba." Kwa hiyo visu vyote viwili vilipaswa kuwa vipya, na ubao wa kukatia pia, kwa sababu ubao hunyonya kuliko chuma.

Kikubwa nilikipata soko la Majengo, kazi ya mhunzi, kimefuliwa kutokana na springi kuukuu ya gari. Chuma cha aina hiyo hushika kutu kikiachwa na maji usiku mmoja tu, lakini hunoleka upesi na makali yake ni ya kweli. Kidogo nilichukua cha chuma kisichoshika kutu, maana hicho ndicho kingeshinda kwenye nyanya na ndimu. Kabla ya kulipa niliangalia mpini. Chuma kinatakiwa kipite ndani ya mpini hadi mwisho na kifungwe kwa ribiti. Kile kilichochomekwa kidogo kwenye plastiki huanza kuzunguka mkono ukishapata mafuta. Niliangalia pia unene wa bapa. Bapa nene hupasua kiazi badala ya kukikata.

Kuna mnoa visu mmoja hupita mtaani kwetu na baiskeli, anakanyaga pedali gurudumu la jiwe linazunguka, cheche zinaruka, watoto wanakusanyika. Shangazi hampi visu vyake. Gurudumu likizunguka kwa kasi chuma hupata moto, na ukingo ukishageuka rangi kuwa bluu umelainika. Hautadumu na makali tena. Yeye alitoa kinoo chake, akakilowesha maji, akakilaza juu ya kitambaa kisiteleze. Akalaza kisu, kisha akainua mgongo wake kidogo tu, pengo dogo la kupitisha njiti chache za kiberiti. Akasukuma taratibu kutoka kitakoni hadi kwenye ncha, upande huu mara kadhaa, upande ule mara zile zile, bila kubadili mwinuko. Kisha akachukua nyanya mbivu, akaweka kisu juu yake bila kukandamiza, akakivuta. Ngozi ikafunguka, nyanya haikubonyea hata kidogo. "Sasa kiko tayari kusafiri," akasema, na kinoo akanipa niende nacho.

Ala sikununua. Nilikata boksi gumu la katoni, nikalikunja kufuata bapa, nikaacha vidole viwili vya ziada mbele ya ncha, nikafunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Visu, ubao na kinoo vikaingia kwenye ndoo yenye mfuniko, ndoo ikasimama nyuma ya kiti na kamba juu yake. Watu wengi hutupia visu kwenye mfuko wa masufuria. Hapo makali hugongana na chuma njia nzima na kufa, na mkono unaopapasa kutafuta kijiko gizani hukutana na ncha. Sheria niliyowapa watoto ilikuwa moja: kisu kisichokata kitu kiko ndani ya ala.

Tuliondoka Jumamosi makusudi, kwa sababu Jumamosi ni mnada wa Msalato, na Msalato iko njiani. Mguu wa mbuzi ukakatwa vipande mbele yetu. Makutupora tukanunua zabibu. Baada ya hapo nchi hufunguka: mibuyu, vilima vya Chenene, mashamba ya alizeti. Ukikaribia Kondoa ardhi inakuwa nyekundu na makorongo yanaanza kuonekana. Shemeji alitusimulia habari za HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi, na wazee wake walikuwa miongoni mwa walioswaga ng'ombe kwenda kwingine. Vilima alivyotuonyesha sasa vina miti.

Jioni ile ya kwanza visu vilifanya kazi niliyovinunulia. Kachumbari ilikatwa kwanza, kwa kisu kidogo, ikafunikwa. Nyama ikafuata kwa kikubwa. Kambini maji ni ya kupima, kwa hiyo mpangilio huo ni muhimu kuliko sabuni: kibichi kinacholiwa bila kupikwa kitangulie nyama. Kisu cha mhunzi nilikimwagia maji ya moto, nikakifuta kikakauka kabisa, nikakipaka mafuta ya alizeti kwa kidole.

Kesho yake tulipata jogoo wa kienyeji. Shemeji akaomba kile kikubwa. Alipitisha ukucha wa dole gumba kwenye makali, akaridhika, akakificha nyuma ya mgongo, kwani mnyama hatakiwi kukiona kisu wala kukisikia kikinolewa. Akamgeuza kuelekea kaskazini, ambako ndiko kibla kwa sisi wa huku, akataja jina la Mungu, akakata mara moja. Jogoo hakuhangaika. Siku hiyo shemeji alikula nyama mpaka akaomba supu.

Ndipo tukapanda kwenye michoro ya Mungomi wa Kolo. Pofu, twiga, na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu ukutani mwa mwamba. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili michoro hii mwaka 1951. Mahali pale wenyeji bado hufanyia matambiko, na mtu anapaswa kuingia kwa adabu. Kisese, si mbali na hapo, mwanaakiolojia mwingine, Ray Inskeep, alichimba mwaka 1956 na kukuta zana za mawe pamoja na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Zana nyingi za watu hao wa kale zilikuwa vipande vidogo vya mawe meupe aina ya quartz, vimepasuliwa vikapata ukingo mkali wa kuchunia na kukatia nyama. Walikuwa watu wa kuhamahama, na kila walichokuwa nacho walikibeba wenyewe. Nilisimama pale nikiwaza kwamba walichagua vyema jiwe lao.

Ukienda Kolo, anzia ofisini uandikishwe na upewe mwongozaji. Usiimwagie michoro maji ili ing'ae kwenye picha, maji yanaifuta. Vijiwe vyenye makali utakavyoviona chini viache hapo hapo, hata kama mtoto anavililia. Visu nenda navyo vyako, viwili, vipya kama unasafiri na mtu wa imani nyingine, na usisahau kinoo.