Saa za Malishoni

Nilipoanza kufundisha biolojia na kemia Isiolo, katikati ya miaka ya 1980, kumwandaa kijana kwa udaktari wa mifugo kulikuwa kazi ya kemia tu. Wanyama, wanafunzi walikuwa wakiwajua kutushinda sisi walimu. Mvulana wa Kiborana kutoka Merti alifika kidato cha kwanza akiwa ameshazalisha mbuzi, ameshahasi madume, na ule ukame wa 1984 ameupitia na ngamia wa ami yake. Bureti ndiyo hakuwahi kuiona.

Nasi bureti hatukuwa nazo za kutosha. Siku ya titresheni niliwapanga makundi: huyu ashike koki, yule aandike, wengine wakodoe macho. Huyo wa Merti alipopata zamu yake hakusubiri chupa iwe nyekundu kama wenzake walivyofanya. Rangi ya waridi ilipogoma kufifia, hafifu kiasi kwamba ilibidi niweke karatasi nyeupe nyuma ya chupa ili niione, alikuwa ameshafunga koki. Aliyezoea kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa namna anavyobaki nyuma ya kundi hafundishwi kutazama.

Njia ya wakati huo ilikuwa ndefu. Walioweza walikwenda Meru au Nyeri kusoma kidato cha tano na sita, wakapitia miezi mitatu ya mafunzo ya NYS kule Gilgil, ndipo wakaingia Kabete, kwenye kitivo cha Chuo Kikuu cha Nairobi ambacho mafunzo yake yalihamishwa kutoka Makerere mwaka wa 1962. Mwaka wa 1989 kidato cha sita kilifanya mtihani wake wa mwisho, na KCSE ya kidato cha nne ikafanywa kwa mara ya kwanza. Wengi walishangilia. Mimi niliililia ile miaka miwili, kwa sababu ndiyo iliyompa mtoto wa malishoni nafasi ya kuikamata kemia aliyoikuta amechelewa.

Likizo niliwapeleka kwenye viwanja vya karantini, ambako tangu ukoloni ng'ombe wa kaskazini husubiri kukaguliwa kabla ya kuteremshwa sokoni. Waliona chanjo ikipigwa na damu ikitolewa. Sotoka ilikuwa bado tishio. Ugonjwa huo ulionekana mara ya mwisho duniani mwaka wa 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, jirani kabisa na Kinna, na 2011 ukatangazwa kuwa umetokomezwa. Wanafunzi wangu wa leo wanausoma kama historia.

Siku hizi fomu za posta hakuna. Mtoto anaketi saiba, anafungua tovuti ya KUCCPS ya kuombea nafasi za vyuo, anatazama alama zake za klasta kati ya 48, na jambo limekwisha. Sikatai, upendeleo umepungua. Lakini katika hizo 48 hakuna hata moja ya kuuliza kama umewahi kumshika mnyama. Huko Marekani mwombaji kwa kawaida husoma kwanza chuoni miaka kadhaa, kisha anaandika amekaa saa ngapi na wanyama na chini ya nani. Watoto wao huzitafuta saa hizo kwa kujitolea. Wetu wanazo tangu umri wa miaka sita, ila hazina pa kuandikwa.

Matokeo yake nayaona. Mwanafunzi wangu mmoja wa miaka ya karibuni, msichana wa Bulapesa, alipata A- na mbuzi alimjua sahanini tu. Nilimpeleka mnadani. Nikamfundisha kukunja kope la chini: weupe wake hutangaza minyoo kabla mwenye mbuzi hajasema. Nikamwonyesha meno ya mbele, yanayoota jozi kwa jozi na kutaja umri. Muuzaji, mzee wa Kisomali, alituvumilia kwa mbuzi wa kwanza na wa pili, kisha akauliza, “Mwalimu, huyu binti ananunua ama anasoma?” Tulicheka, tukanunua mmoja kwa aibu.

Na yule wa Merti? Kemia ya KCSE ilimwangusha kwa alama chache, akaenda chuo cha AHITI Kabete kusomea cheti cha afya ya mifugo. Amechanja kaunti hii kuanzia Garba Tulla hadi Oldonyiro. Sheria ya madaktari wa mifugo ya 2011 inamweka kwenye orodha ya wasaidizi, na madaktari vijana wenye digrii humpigia simu usiku kumwuliza ngamia wao ana nini. Hilo bado linanikera, ingawa yeye mwenyewe hulipuuza.

Bintiye yuko kidato cha tatu na anaitaka Kabete. Juzi walinijia nyumbani kabla ya likizo. Baba anataka akakae na mbuzi wa nyanya yake Merti mwezi mzima. Mimi nataka abaki mjini tumalize hesabu za moli. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe msichana akasema atakwenda Merti na kitabu.