Minana wa Mnazi wa Bibi

Likizo ya Juni nilikwenda Tanga kwa bibi yangu. Mjomba aliniazima kamera yake kwa sharti moja, isilowane. Nami nikaazimia kupiga picha za ndege wa uani, maana ndio waliopo kila siku na hakuna anayewatazama.

Chozi alinishinda. Hatulii hata kidogo: anafyonza ua la mgomba, na kabla sijalenga amekwisha kwenda zake. Tetere alikuwa rahisi, akitembea mchangani kama mwenye kujua kuwa anapigwa picha. Lakini moyo wangu ulikuwa kwa minana wa mnazini.

Dume ndiye mjenzi. Huchana ukuti nyuzi nyuzi, akazisokota kwa mdomo tu, na kiota akakining'iniza kwenye ncha, mahali ambapo nyoka hafiki kwa urahisi. Mlango huutazamisha chini. Jike huja kukagua. Asipopendezwa huenda zake, na dume hukivunja chote akaanza upya. Nilimwona mmoja akivunja mara mbili. Bibi akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, hata babu yako alivunja."

Siku ya tisa niliamka alfajiri, nikapanda juu ya banda la kuku. Kiota kimoja kilikuwa na makinda. Nilizisikia sauti zao. Jua lilipochomoza akaja kunguru, hawa wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni Bara Hindi na waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakaenea mpaka huku bara. Akakishika kiota kwa miguu, akaanza kukipasua. Minana wakapiga kelele wote.

Kando ya mkono wangu palikuwa na kifuu cha nazi. Lakini jua lilikuwa limemwangaza vizuri mno, nikasema moyoni, picha moja tu kwanza. Nikapiga moja. Nikapiga ya pili. Nilipotupa kifuu, kunguru alikuwa amekwisha ruka na kinda mdomoni.

Bibi alikuwa chini anafagia, na aliyaona yote. Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Imetoka vizuri?"

Ilitoka vizuri sana. Jioni yule dume alikuwa anachana ukuti tena.

Mwalimu aliponiomba picha kwa ajili ya gazeti letu, nilimpa ile ya tetere.