Karibu nifunike vidole vya babu

Wasee, nilienda ocha Kakamega na plan moja: nyumba ya babu, matofali mekundu, niipake kijivu ikae ya kisasa. Nyanya akauliza tu, "Mjukuu wangu, unaficha nini?"

Fundi naye akanifunza. Tofali la kuchoma hunyonya maji kisha huyatoa. Ukilifunga na rangi ya mafuta, unyevu unabaki ndani. Rangi inabambuka, tofali linamomonyoka. Basi pesa ya rangi ikanunua brashi, mchanga na chokaa ya kujaza mianya, na gata mpya. Milango na madirisha pekee ndiyo yalipata rangi.

Hayo matofali babu aliyafinyanga mwenyewe. Alama za vidole vyake bado zipo ukutani. Na mimi nilitaka kuzifunika, juu ya laiki.