Nyumba ya Lamu na Chembe ya Mwili

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, hautembelewi kwa gari. Vichochoro vyake ni vya miguu na punda. Tukipita humo twawaomba wasomaji wetu waitazame nyumba moja ya mawe, kwani mpango wake wafunza jambo kuhusu miili yetu. Chembe hai, ambayo aghalabu haionekani kwa jicho tupu, nayo ni nyumba.

Kwanza ni ukuta na mlango. Mgeni hukomea dakani; hapiti ila kwa idhini. Chembe nayo ina utando uchaguao kipi kiingie na kipi kitoke. Baada ya mlango ni kiwanda, uwanja wa shughuli zote. Katika chembe ni ute uitwao saitoplazimu. Jiko huwekwa juu, moshi upate kutoka. Majiko ya chembe ni mitokondria, yatumiayo oksijeni kutoa nguvu katika chakula. Na kama Lamu binti alivyopewa nyumba aolewapo, majiko haya twayarithi kwa mama peke yake. Mafundi ni ribosomu, waundao protini. Wafagiaji ni lisosomu.

Kisha kuna chumba kiitwacho ndani, mahali pa sitara na amana. Chembe nayo ina kiini, na amana yake ni maandishi ya DNA, nusu ya baba na nusu ya mama. Mafundi hawayagusi, hupelekewa nakala, wakafanya kazi kwayo.

Basi herufi moja ikikosewa katika maagizo ya hemoglobini, na mtoto akalirithi kosa hilo kwa wazazi wote wawili, chembe zake nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu. Ndio ugonjwa wa selimundu, unaojulikana sana pwani yetu. Wazazi wenye kubeba nakala moja moja ya kosa hilo kwa kawaida ni wazima, wala hawajitambui. Lakini kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa.

Kwa hiyo mama asilaumiwe peke yake, wala pasitafutwe hasidi. Wazee wetu huuliza nasaba kabla ya kuijibu posa. Kuwapima damu wachumba wawili ni kulikamilisha swali lile lile, mapema, kabla ya nikaha.