Mzee wa mafundo

Mjukuu wangu ameajiriwa kiwandani kuwa ofisa mafunzo. Hata mwezi hajamaliza, akaniuliza kwa heshima zote: "Babu, hivi zamani kabla ya hizi projekta mlikuwa mnawafundishaje wafanyakazi? Au mlikuwa mnawaachia tu wajifunze wenyewe?" Simlaumu sana. Jengo tulilofundishia lilishavunjwa, pale sasa pana maghala ya bidhaa za kutoka nje, na hakuna hata kibao cha kusema palikuwa na nini. Lakini hilo "mnawaachia tu" lilinikwama kooni.

Kiwanda chetu kilikuwa cha nguo, kimojawapo cha vile vya umma. Aliyewahi kupita idara ya kutayarisha mtande hawezi kuisahau harufu yake. Nyuzi za mtande hupitishwa kwanza kwenye wanga uliopikwa, zipate ukakamavu zisikatike mashineni. Wanga ule ulipochemka alfajiri, uwanja mzima ulinuka kama uji wa msibani. Mtu ulikuwa umetoka kunywa chai kwako, ukifika getini unahisi njaa upya. Ukivuka mlango wa pili uji unakoma, unapokewa na joto na unyevunyevu, maana hewa ikikauka nyuzi hukatika. Vumbi la pamba linaelea na kukutua kwenye kope. Halafu kelele. Mashine za kufuma zikiwa zimewashwa zote humsikii mtu aliye hatua moja mbele yako. Wafumaji walisemezana kwa midomo na vidole, na wengine walipostaafu waliendelea kupaza sauti majumbani mwao hadi wakwe wakadhani wana hasira.

Sasa mchukue mwalimu mwenye hotuba yake nzuri umwingize humo.

Mimi niliingia kama karani wa mahudhurio, nimemaliza kidato cha nne, sijui mtande wala mshindio. Zama zile kila mtu alikuwa mwalimu wa mtu. Waraka wa Waziri Mkuu ulizitaka sehemu za kazi ziwe na elimu ya wafanyakazi, tena kwa saa za kazi. Siku zote nilikuwa nasema darasa letu lilianza 1972. Nimepekua, waraka wenyewe ni wa 1973, kwa hiyo litakuwa limeanza baada ya hapo. Haidhuru. Nilichaguliwa kufundisha kisomo kwa sababu moja: nilikuwa na mwandiko mzuri.

Wanafunzi wangu wengi walikuwa na umri wa mama yangu. Kabla ya somo ilinibidi nizunguke madawati, shikamoo mama, shikamoo baba, mpaka mstari wa mwisho, ndipo nishike chaki. Hakuna chuo kilichonifundisha hilo, na nimewaona wakufunzi wenye shahada wakilikosa. Mtu mzima anayekuja kujifunza anakuwa ameiweka heshima yake rehani mbele ya wenzake. Usipomrudishia mapema, atakaa kimya mwaka mzima na wewe utadhani anakuelewa.

Walichotaka kusoma kwanza hakikuwa kitabu. Ilikuwa karatasi ya mshahara, hasa upande wa makato. Mama mmoja wa idara ya kukunja vitambaa hakuwa anaitambua hata herufi ya jina lake, lakini neno "makato" alilishika upesi kuliko wote, na siku ya mshahara akaenda kwa mhasibu kuuliza hili ni la nini na hili ni la nini. Mhasibu akaja kunilalamikia mimi. Wakubwa wa elimu walishaligundua jambo hili kabla yetu. Vitabu vya mradi wa UNESCO kule Mwanza, ulioanza 1968, vilifundisha kusoma kupitia pamba na mambo mengine ya kazi za watu. Mkulima wa pamba alianza na pamba. Sisi tulianza na makato.

Lakini kufundisha kazi yenyewe, kazi ya mkono, nilikuja kukuona kwa mzee wa mafundo.

Jina lake tuliacha kulitumia zamani. Alitoka Tanga, ujana wake wote aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge, na kiwandani cheo chake kilikuwa kidogo. Ila mfumaji mpya yeyote lazima apitie kwake, kwa sababu uzi ukikatika mashine inasimama, na mashine ikisimama uzalishaji unasimama, mpaka uzi uungwe. Fundo likiwa nene halipiti kwenye chanuo la mashine. Linakwama, uzi unakatika tena, na kitambaa kinatoka na kovu. Kwa hiyo kuna fundo maalumu, dogo, bapa, la wafumaji wa dunia nzima. Ncha ya kulia inapita chini ya ya kushoto, unazibana kwa kidole gumba. Uzi mrefu wa kulia unauzungusha juu ya gumba, nyuma ya ncha yake wenyewe, unaurudisha katikati ya ncha mbili. Ncha ya kushoto unaikunja ndani ya kitanzi, unavuta. Umeelewa? Hujaelewa. Hakuna aliyewahi kulielewa kwa kuambiwa.

Mzee hakuanza kwa maneno. Alikuwa na vipande viwili vya kamba ya katani, kimoja amekipaka rangi nyekundu, vinene kama kidole, ili jicho lione kila kamba inapopita. Na hakukaa mbele ya mwanafunzi hata siku moja. Alikaa ubavuni, bega kwa bega, kwa sababu ukitazamana na mtu, mkono wako wa kulia kwake uko kushoto, na nusu ya akili yake inaishia kugeuza. Aliwahi kuniuliza kwa nini walimu wote wanapenda kusimama mbele. Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Alifunga fundo polepole, mara ya kwanza kimya. Mara ya pili anataja hatua, maneno machache. Mara ya tatu anataja pale tu watu wanapokosea, na kwa nini. Kisha anampa kamba mwanafunzi, afunge bila kusema. Halafu afunge huku akieleza. Anayefunga vizuri lakini hawezi kueleza alimrudisha nyuma, kwamba mikono imebahatisha. Kutoka katani wanahamia uzi wa kweli, na kutoka uzi wa mezani wanahamia mashineni. Hapo anamwacha. Anarudi baada ya muda mfupi, kisha baada ya muda mrefu zaidi, kisha siku ya pili, mpaka anaacha kurudi.

Mtu mzima akikosea hakumkosoa mbele ya wenzake. Alimsogelea akamwambia, "Mama, hebu nionyeshe mimi, naona mikono yangu imezeeka." Mama anaanza kumwonyesha, anafika pale pale alipokosea, anasimama, anacheka, anarekebisha. Mzee anashukuru, anaondoka. Nikaanza kumfuata huku na huku, kalamu nimeiweka mfukoni, na ukarani ukawa basi.

Miaka mingi baadaye, kwenye kozi ya wakufunzi, tulisomeshwa mpango wa Wamarekani wa wakati wa vita vya Hitler, Training Within Industry, wa 1940 hadi 1945, uliobuniwa ili viwanda vifundishe haraka watu wapya. Hatua zao ni nne: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe kazi, aijaribu mwenyewe, mfuatilie. Na mfano wao wa kufundishia, nisingeamini kama nisingeuona, ulikuwa fundo! Fundo la waya wa umeme. Mkufunzi anaanza kulieleza kwa maneno matupu, hakuna anayeweza kulifunga. Analionyesha bila maneno, hakuna anayeweza. Ndipo anafundisha inavyopasa. Msimamo wao ni kwamba mfanyakazi asipojifunza, basi mkufunzi hajafundisha. Mzee wetu hakuwahi kusikia habari hizo. Darasa zima lilikuwa linanukuu, mimi nilikuwa naona kamba nyekundu.

Yaliyofuata kiwandani kwetu mnayajua: vita vya Kagera, foleni za sukari, vipuri hakuna, kisha enzi za ruksa. Mashine zikisimama hata fundo halina kazi. Ukaja ubinafsishaji, ikaja sheria ya VETA ya 1994 na tozo ya mafunzo, na sisi wakufunzi tukawa watu wa mikataba: leo sabuni, kesho biskuti. Siwezi kusema yote yaliharibika. Mafundi wazuri wapo, tena vijana wenye vyeti vya kueleweka.

Kinachoniudhi ni semina. Msimamizi wa mashine anatolewa kiwandani anapelekwa ukumbi wa hoteli, anapewa kalamu, daftari na chai ya saa nne. Anasomewa ukutani maneno ambayo mkufunzi mwenyewe anayasoma kwa mara ya kwanza. Mchana pilau, jioni cheti na posho. Kesho yake anarudi kwenye mashine ile ile, na hakuna anayemfuata kuona mikono yake inafanya nini. Lakini picha ya pamoja haikosekani.

Hivi karibuni kiwanda kimoja, si cha mjukuu wangu, kiliniita niwanoe viongozi wa zamu. Wakaniomba niwatumie slaidi mapema. Nikawaambia sina, nataka mashine moja, watu wachache, na nusu saa kila zamu zinapopishana. Wakakubali, nikashangaa. Wakauliza vyeti viandikwe tarehe gani. Nikasema viandikwe baada ya mwezi mmoja, na asaini msimamizi aliyemwona mtu akifanya kazi, si mimi. Kijana wa rasilimali watu akasema, "Mzee wangu, bajeti ya vyeti ni ya robo hii, haiwezi kusubiri mwezi." Atanipigia, alisema. Mpaka naandika haya hajapiga.