Faksi imekwenda. Je, imefika?

Wapo wanaodhani faksi ilizikwa zamani pamoja na teleksi na taipureta. Hebu chukua barua ya ofisi ya miaka michache iliyopita, utazame pale juu kwenye anwani: Simu, Nukushi, Barua pepe. Nukushi ndiyo faksi, jina la Kiswahili sanifu ambalo wengi wetu tumelisoma mara mia bila kulitamka hata mara moja. Na wala si kwetu tu. Uingereza ilibidi itoe amri Desemba 2018 kwamba hospitali za umma za NHS zisinunue tena mashine mpya za faksi kuanzia Januari 2019. Kitu kilichokufa hakipigwi marufuku.

Mimi faksi imenihusu kwa sababu ya kazi. Ukiandika habari inayomtuhumu mtu, lazima umpe nafasi ya kujibu kabla hujaichapa. Sasa kuna ofisi moja, sitaitaja, ambayo barua pepe haijibu. Ukipiga simu unaambiwa: "Ndugu mwandishi, andika maswali yako, yatume kwa faksi." Habari ikitoka, wanasema hawakuulizwa kitu. Hapo unatakiwa uwe na cha kumwonyesha mhariri, na pengine wakili. Kwa hiyo nikaamua niijue faksi vizuri.

Tuanze na msingi. Mashine inaigawa karatasi yako katika mistari myembamba, kila mstari una nukta 1,728, nyeusi au nyeupe. Nukta zinageuzwa kuwa sauti, ile milio ya kukwaruza, sauti inapita kwenye laini ya simu, na mashine ya upande wa pili inazirudisha kuwa nukta. Wazo hili ni kongwe kuliko simu yenyewe. Mskoti Alexander Bain aliliandikishia hataza mwaka 1843, miaka 33 kabla ya hataza ya simu ya Bell. Lakini mashine za makampuni mbalimbali zilianza kuelewana vizuri baada ya 1980, pale ITU ilipopitisha kiwango kinachoitwa Kundi la 3. Ndicho kinachotumika hadi leo.

Na faksi ya intaneti je? Hapo huna mashine wala laini. Unapakia faili lako la PDF kwenye tovuti ya kampuni inayotoa huduma hiyo, seva yao inaligeuza kuwa picha nyeusi na nyeupe, kisha inapiga nambari unayoitaka na kulia milio ile ile. Ukitaka kupokea, wanakupa nambari, na faksi zinazoingia zinakujia kwenye barua pepe. Elewa jambo moja: hata kama safari kutoka kwako hadi kwenye seva imefungwa kwa siri, seva inauona waraka wako, na kutoka hapo unasafiri kwenye laini ya simu kama faksi nyingine yoyote. Jina la mtoa habari wako lisipite huko.

Sasa yale maneno yanayotisha. T.30 ni taratibu za mazungumzo: mashine zinasalimiana, zinakubaliana mwendo, zinatuma, zinaagana. ECM ni utaratibu wa kusahihisha makosa. Sehemu iliyoharibika njiani inaombwa tena. T.38, ya mwaka 1998, ni njia ya kupitisha faksi kwenye simu za intaneti. Simu hizo huibana sauti ili iwe nyepesi; sikio la binadamu linasamehe, faksi haisamehi. Ndiyo maana ofisi iliyohamia simu za intaneti inaweza kujikuta faksi zinakatika katikati.

La nne ni CSID, yaani utambulisho ambao mashine inayopokea inautaja yenyewe, kwa kawaida nambari yake. Huo huingizwa kwa mkono na mwenye mashine, hivyo unaweza kuwa mtupu, au ukawa wa nambari ya zamani. Ukilingana na nambari uliyopiga, ni jambo zuri. Usipolingana, uliza.

Halafu kuna risiti. Baada ya kila ukurasa mashine inayopokea hurudisha ishara kwamba imeupata. Risiti ikisema imefaulu, maana yake ni hiyo tu: mashine iliitikia. Huenda karatasi zilikwisha na ukurasa umelala kwenye kumbukumbu yake. Huenda tarishi aliuchukua pamoja na matangazo ya semina akautupa. Mashine imepokea, mtu bado.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi. Natunza risiti yenye tarehe, saa, nambari na idadi ya kurasa. Naangalia CSID. Kisha napiga simu masjala, naomba jina la aliyeitoa kwenye mashine na kuliandika pamoja na saa. Kwenye habari naandika kwamba ofisi ilitumiwa maswali kwa faksi siku fulani na hadi tunakwenda mitamboni haikuwa imejibu. Siandiki kwamba waliyasoma wakayapuuza. Hata kama moyoni naamini hivyo, risiti haijasema hivyo.

Nanyi mnaoagizwa kutuma fomu za kazi au za vyuo kwa faksi, fanyeni vivyo hivyo. Ile simu ya masjala ndiyo inayosahaulika.