Ujumbe Nisioufikisha

Wasomaji wa gazeti letu, jambo ninalotaka kulieleza leo linanitia haya, lakini nimeona ni heri niliandike, huenda likamfaa mwenzangu.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, mwaka 2022. Kijiji chetu kipo bara kidogo ya Kilwa Kivinje. Baba alikuwa amekwisha kufyeka shamba jipya la ufuta, na majani yalikuwa yamekauka kabisa. Asubuhi ile hapakuwa na upepo hata wa kutikisa kuti la mnazi. Baba akaniambia, "Kabla sijatia moto, nenda kwa babu yako ukamwulize upepo wa leo utakuwaje." Babu amevua samaki maisha yake yote, na pale kijijini hakuna amshindaye kuzijua pepo zetu: kusi, kaskazi, na umande utokao bara alfajiri.

Njiani niliwakuta wenzangu wanacheza mpira, nikacheza nao. Jua lilipopanda nilirudi kwa baba nikamwambia, "Babu amesema hakuna neno." Ulikuwa uongo. Nyumbani kwa babu sikufika.

Baba alitia moto yapata saa nne. Kwa muda wa saa moja hivi uliwaka kwa utaratibu. Mara upepo wa bahari ukaingia kwa nguvu, ndimi za moto zikaruka ukanda tuliousafisha, zikashika mikorosho ya jirani yetu, mama mjane. Tulipiga moto kwa matawi mabichi na kuurushia mchanga, wanaume kwa wanawake, mpaka alasiri. Mikorosho 11 iliungua, na korosho zake zilikuwa zikingoja kuokotwa.

Jioni babu alikuja. Alisema maneno machache: "Mwezi huu bahari huamka mchana. Ningeulizwa, ningewaambia mngoje jua lishuke, upepo upoe." Baba akanitazama. Hakunipiga. Kulipopambazuka alinipeleka kwa yule mama, nikasema kweli kwa kinywa changu. Msimu ule na uliofuata nilimsaidia kuokota korosho za mikorosho iliyobaki kila nilipopata nafasi.

Baadaye mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha sababu yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa ya juu ya nchi hupanda, na ile ya baharini huja kushika nafasi yake. Akatueleza pia kwamba huko Marekani idara ya hali ya hewa huwatuma wataalamu wake mpaka kambi za watu wanaozima moto wa msituni. Hulala huko huko, hurusha maputo kupima pepo za juu, na kila asubuhi husimama mbele ya wazima moto kuwaeleza upepo utageuka saa ngapi.

Nikauliza, "Kwa nini wasipige simu tu?" Mwalimu akatusimulia habari ya tarehe 6 Julai, 1994, katika mlima wa Storm King, jimbo la Colorado. Watabiri walikuwa wamekwisha kutoa onyo la upepo mkali, lakini onyo hilo halikuwafikia waliokuwa mlimani. Upepo ulipovuma, moto ulipanda mlima kwa mbio kuliko za mtu, wakafa wazima moto 14.

Niliinamisha kichwa. Huko, kama kwetu, ujuzi ulikuwapo, ila haukufika.

Katika wilaya yetu vipo vijiji vyenye misitu ya mpingo ambako watu huchoma majani mapema baada ya masika, yangali na unyevu kidogo, ili moto mkali wa Septemba na Oktoba ukose cha kula. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutoa utabiri kila siku. Yote hayo ni mema, lakini lazima yamfikie mwenye kiberiti mkononi, na mara nyingi vijijini wajumbe ni sisi watoto. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Lakini mjumbe asiyefika aweza kuua.

Siku hizi baba akitaka kuchoma shamba, bado hunituma mimi. Naenda mbio, na narudi na maneno ya babu vile vile alivyoyasema.